Datsun 240Z: la Safari ya 1973, au nakala inayokiri kuwa ni nakala?

Washauri wapendwa,

Salamu kutoka Nakuru. Nimeweka akiba kwa muda mrefu kwa ajili ya gari moja tu, Datsun 240Z, ili nishiriki mashindano ya magari ya zamani: kwanza East African Safari Classic, halafu Mungu akijalia mbio za Ulaya zinazofuata kanuni za FIA, shirikisho la magari la dunia. Sasa nimeonyeshwa mawili na yamenichanganya.

La kwanza liko Nairobi. Muuzaji ni mzee mtaratibu, na anasema ni gari halisi la kiwanda lililokimbia Safari Rally ya 1973. Ni jekundu lenye boneti nyeusi. Ana picha moja ya gari la namna hiyo likiwa limejaa tope, namba haisomeki, na barua ya fundi ambaye ameshafariki. Logibuku ni ya Kenya, ya mwaka 1981. Anataka milioni 24.

La pili liko Nanyuki. Mwenyewe hafichi: ni nakala, limejengwa kutokana na 240Z ya kawaida ya barabarani iliyotoka Uingereza. Lina kizimba kipya cha mabomba cha kukinga watu gari likipinduka, mikanda, kabureta tatu za Weber, na limeshakimbia Safari Classic mara moja. Anataka milioni 9. Shemeji yangu ambaye ni fundi aliisikiliza injini akasema hiyo si 2.4, ni 2.8.

Naomba mnisaidie. Je, nakala inakubaliwa kwenye mashindano haya? Nitajuaje kama la Nairobi ni la kweli? Na injini ikiwa ni 2.8 kuna ubaya gani, maana nguvu si ndiyo tunayoitafuta? Wenzangu wanasema nikinunua nakala nimenunua feki.

Msomaji, Nakuru

*

Ndugu msomaji wa Nakuru,

Kwa kazi unayotaka kuifanya, gari lako ni la Nanyuki, likipita vipimo vya injini, bodi na forodha. La Nairobi linaweza kuwa hazina au linaweza kuwa Datsun kuukuu iliyopakwa rangi nzuri, na kwa karatasi ulizotutajia hakuna anayeweza kukuambia ni lipi. Jina la Safari usililipie hata shilingi moja mpaka ushahidi uwe mezani.

Tuanze na neno la wenzako. Nakala inayojitangaza kuwa ni nakala si feki. Feki ni gari linalobeba utambulisho usio wake: namba ya chasisi iliyogongwa upya, historia ya gari jingine, kibati kilichotolewa kwenye mabaki. Kanuni za FIA za magari ya zamani ziko kwenye Kiambatisho K, na kitu kinachotazamwa hapo ni kama gari linafanana kiufundi na lile lililoshindana zama zake. Likipita hupewa pasipoti ya kiufundi, HTP, inayodumu miaka 10 kwa kawaida. Pasipoti hiyo haithibitishi kwamba gari ndilo lililokimbia mwaka fulani. Kwa hiyo muuzaji yeyote akikutolea HTP kama ushahidi wa uhalisi, ujue amekuonyesha karatasi isiyohusika. Kwenye Safari Classic yenyewe, ambayo ilianza 2003, Porsche 911 nyingi zinazopigania nafasi za juu zilikuwa magari ya barabarani kabla ya mafundi kuzijenga upya. Hakuna anayewacheka.

Kuna hoja nyingine inayosahaulika. Gari halisi ukilikimbiza kwenye mawe ya Kajiado na vumbi la Tsavo, kila siku linapoteza kile ulichokilipia. Ukibadilisha boneti, mlango, sakafu na nguzo za mbele baada ya ajali moja, umebaki na namba na kumbukumbu. Nakala ukiikunja unainyoosha, unachomelea, unapaka rangi, na thamani yake inabaki ile ile kwa sababu tangu mwanzo thamani hiyo ilikuwa kazi ya fundi.

Sasa la Nairobi. Safari ya 1973 ni mojawapo ya zile zinazokumbukwa sana: Shekhar Mehta na Lofty Drews kwenye 240Z walimaliza wakiwa na adhabu sawasawa na Harry Källström aliyekuwa na Datsun 180B SSS, na Mehta akapewa ushindi kwa kanuni ya kuvunja sare. Miaka miwili kabla, 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa 240Z. Timu ya kiwanda ilikuwa na magari machache, madereva wake wanajulikana kwa majina, na yalipigwa picha kila kituo. Basi swali la kwanza kwa mzee ni jepesi: nani aliliendesha, na lilibeba namba gani mlangoni? Akijibu “lilikuwa la timu tu”, hujapata jibu.

Swali la pili ni namba ya usajili. Magari ya timu ya Nissan, kampuni iliyotengeneza Datsun, yalikuja kutoka Japani na yalikimbia na namba za Japani zilizoandikwa kwa herufi za Kilatini, zikianza na TKS 33 SA. Gari la kiwanda lililobaki Kenya na kupata logibuku mwaka 1981 lilipaswa kupita forodha, na kuna mtu aliyelilipia ushuru na kulisajili. Karatasi hiyo ndiyo kiungo kati ya gari la Japani na gari la Kenya, na kiungo hicho kikikosekana hadithi yote inaning’inia hewani. Upo uwezekano pia kwamba ni gari la mtu binafsi wa hapa hapa aliyeshiriki kwa fedha zake. Hilo nalo ni la heshima kabisa na lina thamani, ila bei yake si ya gari la kiwanda.

Nenda mwenyewe Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, uombe magazeti ya wiki ya Pasaka 1973, Daily Nation na East African Standard. Tafuta orodha ya washiriki na picha. Ukishapata picha nzuri ya gari linalodaiwa, usitazame rangi, maana rangi inanunuliwa dukani. Tazama vitu ambavyo hakuna aliyevifikiria wakati wa kuigiza: taa za ziada zimefungwa kwa vishikio vya umbo gani na zimepishana kiasi gani, waya wa aerieli unatoka upande gani, kioo cha pembeni kimekaa wapi. Halafu uende kwenye gari utafute matundu hayo. Gari lililofanya kazi kweli huwa na matundu ya zamani yaliyozibwa chini ya tabaka za rangi: ya vishikio vya taa, ya kebo ya kipima masafa cha Halda kupenya kwenye ukuta wa injini, ya kufungia magurudumu mawili ya akiba nyuma. Piga msasa laini sehemu ndogo kwa ruhusa ya mwenyewe, eneo la ukubwa wa sarafu, uhesabu tabaka za rangi. Ukikuta bati jipya lenye tabaka mbili tu kila mahali, bodi hilo halikuona 1973.

Kisha namba ya chasisi. Kwenye 240Z imegongwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, upande wa juu. Herufi za mwanzo zinasema mengi. HS30 ni 240Z yenye usukani wa kulia. HLS30 ni la usukani wa kushoto, na mengi ya hayo yalikwenda Marekani. RS30 ni bodi la 260Z, lililokuja baadaye, kwa hiyo haliwezi kuwa lilishiriki chochote mapema 1973. Ukikuta HLS30 na usukani uko kulia, tafuta kiraka pale palipokuwa tundu la usukani upande wa pili.

Isafishe namba kwa petroli na brashi ya nywele laini, kamwe si ya chuma. Mulika tochi kwa ubavu ili kivuli kiingie kwenye mistari, utazame kwa lenzi. Tarakimu za kiwandani zina kina kinachofanana na ukingo uliozungushwa kidogo na rangi ya miaka. Zilizogongwa nyumbani huwa zimeyumba, nyingine zimeingia zaidi, na bati linalozizunguka lina mikwaruzo ya grainda. Ingia ndani ya gari, ondoa kapeti na kizuia sauti nyuma ya dashibodi mahali hapo hapo. Bati lililochomelewa huonyesha ukingo wa mstatili na rangi ya buluu au kahawia ya moto. Mtu anaweza kusawazisha upande wa injini ukawa kioo, lakini upande wa ndani ni wachache wanaokumbuka. Kibati cha riveti kilichomo ndani ya boneti kilinganishe na namba hiyo: kinapaswa kuwa na namba ile ile ya chasisi, namba ya injini, ujazo wa 2393 cc na urefu wa milimita 2305 kati ya eksili. Kibati peke yake usikiamini. Riveti mbili na mtu mwenye subira vinatosha kukihamisha.

Jambo la mwisho kuhusu mzee: usimtuhumu. Wapo wauzaji wengi walioambiwa hadithi na aliyewauzia, nao wakaiamini kwa moyo mweupe. Mwambie utalipa bei ya 240Z nzuri ya usukani wa kulia, na kwamba nyongeza ya Safari italipwa karatasi zikipatikana.

Tuje Nanyuki, na injini, maana shemeji yako amegusa penyewe. Injini za familia hii zinafanana kwa nje. L24, ndiyo ya 240Z, ina silinda za kipenyo cha milimita 83 na mwendo wa pistoni milimita 73.7, jumla 2393 cc. L26 ina 83 kwa 79, jumla 2565. L28 ina 86 kwa 79, jumla 2753. Aliyejenga gari kwa ajili ya raha huweka L28 kwa sababu inapatikana, inavuta vizuri kutoka chini na haihitaji kuzungushwa sana. Kwa kupanda milima ni injini tamu. Ubaya ni kwamba 240Z haikutoka na injini hiyo. Ukiipeleka Ulaya kwa maombi ya HTP, mkaguzi atafuata hati ya homologesheni, yaani ile ambamo kiwanda kiliorodhesha vipande vyote vilivyoruhusiwa, na L28 haimo kwenye hati ya 240Z. Safari Classic nayo ina kanuni zake za injini. Chukua kitabu cha mwaka husika usome ukurasa wa 240Z kabla hujatoa hata amana. Kwamba gari lilikimbia mara moja si kinga. Inawezekana hakuna aliyefungua.

Usikilizaji wa shemeji ni mwanzo mzuri, sasa mpe vifaa. Namba ya injini imegongwa kwenye bloku upande wa kulia, upande wa plagi, kuelekea nyuma, chini kidogo ya silinda hedi, na hapo pia utaona L24, L26 au L28. Hilo linakuambia bloku tu. Krankshafti ya milimita 79 inaingia kwenye bloku ya L24, na kwa nje huoni kitu. Usijaribu kupima mwendo wa pistoni kwa kuingiza kijiti kwenye tundu la plagi, kwa sababu plagi za injini hii zimelala upande na kijiti kitakudanganya kwa milimita kadhaa, wakati tofauti unayoitafuta ni milimita tano na kidogo.

Njia ya uhakika ni kuvua hedi. Kubaliana na muuzaji kwamba wewe unalipia gaskiti na kazi. Kabla ya kulegeza sprokiti ya kemshafti, bana cheni ya taimingi kwa kabari ya mbao iliyochongwa vizuri na kufungiwa kamba ya kuivutia. Usipoibana, kikaza cheni kinaruka nje na itabidi ufungue kava la mbele lote, kazi ya nusu saa inageuka ya siku nzima. Hedi ikitoka, pima kipenyo cha silinda kwa kipimio cha ndani, sehemu tatu kwenda chini, kisha shusha na kupandisha pistoni ukipima mwendo kwa depthi geji kutoka uso wa bloku. Silinda iliyochongwa hadi 84 na krankshafti ya 73.7 inatoa 2451 cc, na nyongeza kama hiyo lazima iwe ndani ya kiwango kilichoandikwa kwenye kanuni. Hapo hapo soma namba iliyo kwenye hedi: E31 na E88 ni za zama za 240Z, N42 na P90 zilikuja na injini za baadaye.

Ikiwa ni L28, si mwisho wa biashara. Ulizia L24 kamili iliyo nzuri, jumlisha gharama ya kuijenga, ukate kwenye milioni 9. Vilevile kabureta za Weber: zikaguliwe kwenye hati hiyo hiyo, kama zilivyo difu na gia boksi. Mafundi wengi hutoa difu ya R180 na kuweka R200 kwa sababu ina krauni kubwa ya milimita 200 na inavumilia mapigo. Kwa gari la kwenda Ulaya, difu isiyo kwenye hati ni kosa hata kama ni imara.

Bodi la 240Z huoza kwa siri. Mihimili miwili inayopita chini ya sakafu ni bati jembamba lililokunjwa, maji huingia na hayatoki. Gonga kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele hadi nyuma usikilize: mlio mkavu ni salama, mlio wa kufifia ni kutu au ni mhimili mpya uliovikwa juu ya ule uliooza. Angalia chini ya trei ya betri, pembe za chini mbele ya magurudumu ya nyuma, na minara ya shokomzoba ya nyuma kwa ndani. Kwenye gari lililokimbia njia mbovu, minara hiyo hupasuka nyufa nyembamba kama unywele kuzunguka bolti tatu za juu. Kama kizimba cha mabomba kimechomelewa kwenye minara, nyufa husogea hadi pale uchomeleaji unapoishia.

Kizimba chenyewe kipime kwa venia. Kwa kanuni za FIA za sasa, upinde mkuu nyuma ya viti unatakiwa kuwa bomba la chuma lisilo na mshono, milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0, mabomba mengine 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0. Bomba la maji lililopakwa rangi nzuri halijulikani kwa macho, na hilo ndilo linalokunjika gari likipinduka. Tazama pia kama mshono wa kuchomelea umezunguka bomba lote hadi upande wa paa, ambako fundi mvivu hafiki. Viti na mikanda soma lebo zake: viti vya kiwango cha 8855-1999 ni miaka mitano, na mikanda ya kiwango cha FIA vilevile. “Mipya” ya muuzaji inaweza kuwa imebakiza msimu mmoja.

Vipande viwili vingine vipewe macho yako. Mbele, kila mkono wa chini hushikwa na fito inayouzuia usirudi nyuma. Watu hupenda kuweka bushi za poliyurethani pande zote mbili za fito hiyo kwa ajili ya ukali wa usukani. Ngumu mbele na ngumu nyuma, fito haina pa kuyumba, inakatika kwenye nyuzi, na gurudumu la mbele linarudi kwenye matao. Weka raba ya kawaida upande wa nyuma. Kwenye mikono ya nyuma kuna pini ndefu zilizofungwa katikati kwa kabari yenye nati. Zikishika kutu hugoma, na fundi akianza kugonga nyundo kabla ya kutoa kabari anafumua nyuzi za pini na kupasua nyumba yake. Muulize muuzaji zilitolewa lini mara ya mwisho. Kama hakumbuki, bajeti pini mpya na kifaa cha kuzivutia.

Forodha tumeiweka mwisho lakini ndiyo inayoweza kukunyang’anya gari. Magari mengi ya Safari Classic huingia Kenya kwa muda, kwa hati ya forodha iitwayo karneti, bila kulipiwa ushuru, kwa masharti kwamba yataondoka. Kama hili lilitoka Uingereza kwa njia hiyo na halikuondoka, halina logibuku halali, na umri wake unavuka mno ule wa miaka minane unaoruhusiwa kwa magari ya kawaida yanayoingizwa. Dai logibuku ya NTSA yenye jina la muuzaji na namba ya chasisi unayoiona kwenye ukuta wa injini, pamoja na hati ya forodha ya KRA. Akikupa nakala ya karneti peke yake, rudi Nakuru. Zikiwa sawa, siku ya kupeleka gari Ulaya uliza AA Kenya kama utahitaji karneti; mambo ya leseni na HTP uliza Kenya Motor Sports Federation.

Mkikubaliana, andikeni mkataba pamoja na mwanasheria. Uandikwe wazi kwamba gari ni nakala, chasisi namba fulani, injini namba fulani, ujazo uliopimwa siku fulani mbele ya nani, na kwamba muuzaji hadai historia yoyote ya Safari kabla ya ile ya Safari Classic aliyoikimbia. Picha za vipimo, hedi ikiwa imevuliwa, ziambatishwe. Lipa sehemu, chukua gari, na salio litoke siku logibuku inapohamia jina lako.